"Kulaza mtu hata bibi yangu analaza, anaimba tu": manesi wa usingizi Tabora tumetukanwa mchana kweupe

Sindano25 (Tabora)

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Mnamjua. Yule wa kaunda suti, ambaye hakijawahi kuisha kikao bila yeye kung'ang'ania maiki. Swali lilikuwa la heshima kabisa: muuguzi anayetaka kubobea kwenye usingizi wa upasuaji afunguliwe njia ya kusoma hadi uzamivu? Jamaa akasimama, akajibu: "Kulaza mtu hata bibi yangu analaza, anaimba tu."

ANAIMBA TU! Ukumbi ukaangua kicheko. Kitambi chake kiliendelea kucheka hata mwenyewe alipokwisha nyamaza.

Basi huyo bibi aje thieta, chumba cha upasuaji. Saa nane usiku, mama wa kilo 60, mtoto amechoka tumboni. Achome ganzi ya mgongo: bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, mililita 2 au zaidi kidogo, sindano namba 25, kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno. Dawa hiyo imetiwa glukosi, ni nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, inafuata mteremko. Mwinamishe mama kichwa chini mapema uone inavyompanda kifuani. Hata isipopanda, presha inaporomoka ndani ya dakika chache, kwa sababu mishipa imelegea na mfuko wa uzazi umekalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Hapo unamwegemeza kushoto, unafungua dripu, unampa efedrini ya kupandisha presha miligramu 5 hadi 10, macho kwenye mashine ya presha. Mama akisema vidole vya mikono vimekufa ganzi, sauti ikawa mnong'ono, ujue ganzi inakaribia mishipa inayoendesha kiwambo cha kupumulia. Ni oksijeni, ni kubana ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono, ni mpira kooni. Bibi ataimba wimbo gani hapo?

Marekani wameshamaliza mjadala huu. Tangu Januari 1, 2022, kila nesi anayeanza masomo ya usingizi anaingia kwenye programu ya shahada ya uzamivu. Kabla ya kupokelewa awe amefanya kazi mwaka mzima au zaidi chumba cha wagonjwa mahututi. Masomo si chini ya miezi 36, wagonjwa wasiopungua 600 kwa mkono wake, saa 2,000 za vitendo, halafu mtihani wa taifa. Huku kwetu mtu anasema anaimba tu!

Mwana_Isevya

Hahaha, kitambi kiliendelea kucheka! Pole mkuu. Huyo tunamjua, hata dari la ukumbi linamjua.

Bint_Ujiji (Kigoma)

Anaimba tu? Mwambieni aje Kigoma asome lebo kwanza. Ketamini, dawa ya kulaza mgonjwa, ipo ya miligramu 10 kwa mililita na ipo ya miligramu 50 kwa mililita. Ukivuta kwa mazoea, mgonjwa amekula mara tano. Mbaya zaidi ni traneksamiki ya kuzuia damu kukaa trei moja na bupivakaini. Zote ni maji maangavu, vichupa vinafanana. Traneksamiki ikiingia mgongoni mgonjwa anaanza kukakamaa miguu, degedege, moyo unapiga ovyo, na wengi hawaponi. WHO walishatoa onyo kuhusu jambo hili. Dawa hiyo ikae nje kabisa ya meza ya usingizi, na lebo isomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya kuvuta.

Mzee_wa_Kaliua

Kijana unalia kama umenyang'anywa posho. Alice Magaw alikuwa nesi tu huko Marekani, na mwaka 1906 aliandika taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza bila kifo kilichotokana na dawa. Uzamivu alikuwa nao? Kijijini tunataka mtu awepo saa nane usiku. Mkienda wote kusoma miaka mitatu, zamu atashika nani?

Sindano25

Shikamoo mzee. Magaw alidondosha etha na klorofomu tone kwa tone kwenye barakoa, mgonjwa akipumua mwenyewe. Leo unampa mtu saksametoniamu miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, ndani ya dakika moja misuli yote imelala na pumzi yake iko mkononi mwako. Ndiyo maana unamvutisha oksijeni dakika tatu kabla ya hapo. Na huu si uzamivu wa kukaa maktaba. Ni wa vitendo: unabaki thieta, unachunguza kwa nini akina mama wanashuka presha, unabadilisha utaratibu, unapima tena. Kwetu wengi wamepita kozi ya mwaka mmoja baada ya diploma, na Muhimbili ipo shahada ya kwanza. Ngazi iendelee kupanda, ndilo swali lililoulizwa. Halafu mtu anajibu ANAIMBA TU mbele ya watu!

Mwana_Isevya

Mkuu hiyo "anaimba tu" utaota nayo.

Fundi_Mitungi (Nzega)

Mnagombania vyeti na konsentreta zenu, mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, zinapumua vumbi. Ile sponji ya nyuma ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, ikauke kabisa ndipo irudi. Mashine ikiwa nzima inatoa oksijeni ya asilimia 90 na ushee. Zeolaiti, zile chembe za ndani zinazochuja hewa, ikishaingia unyevu, inashuka, taa ya njano inawaka, na nyie mnaziba kengele kwa plasta! Umeme ukikatika haitoi kitu, kwa hiyo mtungi wa akiba uwe umefunguliwa na kupimwa asubuhi, spana imefungwa kwa kamba hapohapo.

Maabara_Kibondo (Kigoma)

Afadhali nyie mnatukanwa, sisi hata hatutajwi. Mnaleta sampuli ya kupatanisha damu, yaani kuona kama damu ya akiba inamfaa mgonjwa, haina jina, imeandikwa "mama wa thieta". Akina mama wa thieta wako wangapi? Kupatanisha kikamilifu ni kama dakika 45, nyie mnagonga mlango baada ya tano. Halafu mfuko wa damu mnaukalisha dirishani saa nzima, mnaurudisha mkisema haukutumika. Ukikaa nje ya baridi zaidi ya dakika 30 haurudi kwenye akiba!

Sista_Uvinza

Kaka wa maabara usituanze. Dirisha lenu linafungwa saa tisa alasiri, usiku tunawapigia simu hazipokelewi. Mama anavuja damu, niandike barua?

Maabara_Kibondo

Dada, usiku yuko mtu mmoja, huyohuyo ndiye wa malaria, wa damu na wa kusoma kipimajoto cha jokofu. Damu inatakiwa nyuzi 2 hadi 6, letu linagonga 9 kwa sababu mpira wa mlango umechanika. Tumeomba mpira tu!

Fundi_Mitungi

Mpira wa jokofu la damu usikubali wa friji ya nyumbani, haubani sawasawa. Pima urefu na upana wa mlango, piga picha ya mfereji unaoshika mpira, tuma na modeli ya jokofu.

Sista_Uvinza

Fundi, na la chanjo unafanya? Letu linaganda barafu upande mmoja.

Fundi_Mitungi

Upande wa nyuma au wa mlangoni?