Je, bunduki ndogo ya .22 ina faida gani kwa mkazi wa Nairobi?

Mtoa mada:
Rafiki yangu anayefuga kuku kule Ruai anashikilia kwamba serikali ingepaswa kulegeza masharti ya kumiliki bunduki ya .22, ile ya risasi nyembamba isiyofika milimita 6, kwa kuwa ni nafuu, mshindo wake ni mdogo, na inatosha kabisa kwa nguchiro na wezi. Ninayo bunduki ya aina hiyo, tena kwa cheti halali, na ninaipenda. Hata hivyo naona amepatia kwenye mshindo peke yake.

Unafuu anaousimulia ni wa Marekani, ambako risasi ya .22 inayotumika sana ilibuniwa mwaka 1887 na ambako mtu hutoka nayo asubuhi kuwinda sungura. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwombaji awe na sababu ya kuridhisha kabla ya kupewa cheti. Ukiongeza sefu ya chuma na nauli ya kwenda uwanja wa kulenga shabaha kila mara, bei ya bunduki yenyewe inakuwa jambo dogo. Nguchiro naye ni mnyamapori. Afungiwe banda vizuri.

Linalonitia hofu ni masafa. Risasi hiyo ina uzito wa gramu 2.6 hivi, watu wanaidharau, lakini inaua, na ikikosa shabaha inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, iliyozungukwa na nyumba za mabati kila upande, ni nani atakayejua ilikoangukia?

Faida yake ya kweli ni kufundishia. Haimpigi mtu teke begani, kwa hiyo mwanafunzi hazoei kufumba macho kabla ya kufyatua, na makosa yake yote yanaonekana kwenye karatasi. Katika mashindano ya mita 50, yakiwemo ya Olimpiki, duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4, yaani karibu sawa na kifungo cha shati. Ukivuta pumzi vibaya tu, umelikosa.

Mfugaji wa Ruai:
Mwalimu, nakuheshimu, lakini wewe unalala kwenye fleti yenye askari getini. Mimi niliibiwa kuku 40 usiku mmoja, nikapiga simu kuomba msaada, na waliofika walifika kumekucha. Ukiniambia nijenge banda imara, sawa. Je, wakija kuvunja mlango wa nyumba?

Mtoa mada:
Ndugu yangu, hilo la askari getini nimelikubali, na sina jibu jepesi kuhusu msaada unaochelewa. Ila usiku mmoja nilijipima kwa saa, bila kumwambia mke wangu sababu. Kutoka kitandani, kutafuta ufunguo, kufungua sefu, kutoa risasi zilizowekwa kando kama inavyofaa, na kujaza magazini ya risasi 10 kulinichukua dakika mbili na nusu. Taa zilikuwa zinawaka, na hakuna aliyekuwa akigonga mlango.