Yule bwana amenipapasa kichwa mbele ya baba mkwe, na aliyekosea ni yeye

Mwalimu wa Zamu:
Wanajamvi, ninaandika huku mikono ikitetemeka. Jina sitalitaja kwa sababu hakuna asiyemfahamu: ni yule bwana wa barazani anayejua kila jambo, kuanzia bei ya saruji hadi mamba hulia kwa nini. Jioni hii alitangaza, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba mtu aliyemo katika chombo kinachokwenda karibu na kasi ya mwanga hujiona mzito wa mwendo, hata kutafuna chapati moja kunamchukua wiki nzima.

Nilimsahihisha kwa adabu. Nilieleza kwamba ndani ya chombo saa inakwenda kama kawaida, moyo unapiga kama kawaida na chapati inaliwa kwa dakika zake zile zile. Tofauti hujitokeza pale saa ya msafiri inapolinganishwa na saa za waliobaki. Kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, safari ya kwenda nyota ya Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), ingechukua miaka minne na ushei kwa hesabu yetu, ilhali msafiri angehesabu miezi saba tu. Mnajua alinijibu nini? Alinyoosha mkono, akanipapasa kichwa, mbele ya baba mkwe wangu mtarajiwa, akasema: "Mwanangu, umesoma sana, lakini hujasafiri."

Muuza kahawa alicheka hadi birika likamponyoka. Paka wa ukutani naye alicheka, nilimwona. Nina miaka 34! Nikajikaza, nikaanza kueleza habari za myuoni, chembe zinazozaliwa angani kiasi cha kilomita 15 juu yetu na kudumu kwa wastani wa maikrosekunde 2.2, yaani sehemu 2.2 za milioni za sekunde, muda ambao ungezitosha kwenda mita 660 tu kama saa zao zisingechelewa kwa ajili ya kasi yao; lakini zinafika hadi ardhini, na zimepimwa. Kabla myuoni yangu haijafika ardhini, mkono ulikwisha rudi kichwani. Mara ya pili! Na baba mkwe akatikisa kichwa kukubali, wala hakuwa akinikubali mimi.

Fundi Saa:
Pole sana. Naomba kuuliza: kwa saa ya baba mkwe, kupapaswa huko kulichukua muda gani? Kwa saa yako inaonekana unapapaswa tangu asubuhi.

Mama Nukta:
Mimi nilikuwepo. Hakumpapasa, alimgongagonga kidogo kama mtu anayechagua nazi sokoni. Mwandishi pia ameficha kwamba aliondoka kwa hasira bila kulipa kahawa.

Mwalimu wa Zamu:
Kahawa si hoja. Hoja ni kichwa.

Mla Kiporo:
Yako ni nafuu. Ofisini kwetu yupo mmoja, nanyi mnamjua, anayeshikilia kwamba ukikaribia kasi ya mwanga unanenepa. Msafiri hanenepi hata kidogo. Kinachozidi bila kikomo ni nishati ya kumsukuma, kiasi kwamba kilo moja tu kuifikisha asilimia 99 ya kasi hiyo kunadai nishati inayolingana na mlipuko wa tani milioni 130 za TNT. Juzi wakati wa chakula alinitazama tumbo, akasema: "Wewe naona umeshaikaribia."

Fundi Saa:
Huyo msimlaumu sana, vitabu vya zamani viliandika hivyo. Wa kulaumiwa ni mteja wangu anayedai saa yake inachelewa kwa sababu alipanda ndege. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za atomu, zile zenye usahihi wa hali ya juu, duniani kwa ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki zilichelewa nanosekunde 59 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), na zilizokwenda magharibi zilitangulia nanosekunde 273. Yeye amekwenda Mwanza na kurudi, saa imechelewa dakika 20, na betri hataki kulipia.

Bajaji Namba Tatu:
Afadhali wewe unadai betri. Abiria mmoja aligoma kunilipa nauli akisema ramani ya simu ilitupoteza kwa ajili ya saa za satelaiti. Ni kweli kwamba kwa mwendo wao saa hizo huchelewa maikrosekunde 7 kwa siku, na kwa udhaifu wa mvutano kule juu hutangulia 45, zikabaki mbele kwa 38. Lakini hayo yalisharekebishwa na wenye satelaiti kabla mimi sijanunua bajaji. Njia ndefu nilimpitisha mwenyewe, ila si kwa sababu hiyo.

Mwalimu wa Zamu:
Naomba turudi kwenye kichwa changu.

Mama Nukta:
Bajaji, hiyo njia ndefu ni ile ya kupitia sokoni? Maana hata mimi umenipitisha huko mara mbili.

Fundi Saa:
Ngoja kwanza. Huyo abiria alikuwa amevaa saa ya mkanda wa kahawia?