Mjadala: Watumishi wa kata Kigoma wanunuliwe laptopu mseto, au laptopu na kishikwambi kila kimoja peke yake?

Mleta mada, Kibirizi
Wadau, bajeti zikikaribia swali hili halikosi. Maafisa ugani, watendaji wa kata na walimu wakuu wapewe kifaa kimoja kinachogeuka kishikwambi, au laptopu ya kawaida pamoja na kishikwambi cha bei nafuu? Walimu wengi walishapata vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, lakini kuandikia ripoti ya kurasa kumi ni adhabu.

Msimamo wangu: kifaa kimoja, tena chenye bawaba ya digrii 360, siyo cha kuchomoa kibodi. Vile vyenye mguu wa nyuma, mfano wa Surface Pro ya Microsoft, vinataka meza. Afisa ugani aliyeketi kwenye gogo katika shamba la michikichi Uvinza meza ataitoa wapi? Ukikiweka mapajani, mguu unateleza magotini.

Fundi wa Mwanga
Nakuunga mkono nusu. Bawaba hiyo unayoisifia ndiyo inayotangulia kufa. Mtu anafungua kioo kwa kukivuta kona moja. Upande ule unakaza, skrubu zinang'oka kwenye plastiki, halafu fleksi ya kioo (utepe wa nyaya unaopeleka picha) inayopita ndani ya bawaba inachubuka. Dalili yake: picha inacheza kioo kikifika usawa fulani, ukikisogeza kidogo inatulia. Ikiletwa hapo, bawaba inalegezwa na skrubu zinakazwa upya. Ikichelewa, tafuta kava zima na fleksi, na hivyo ni vya kuagiza Dar.

Ila za kuchomoa kibodi zina balaa lake. Surface Pro 6 na 7 kioo kimegandishwa kwa gundi, betri imegandishwa, SSD (diski ya kuhifadhia kazi) imelehemiwa kwenye bodi. Kubadili betri ni kupasha kioo kwa bloa huku unaomba kisipasuke. Kuanzia 7+ ya mwaka 2021 kuna kimlango chini ya mguu. Skrubu moja tu, SSD inatoka. Bodi ikifa, kazi za kata zinapona, mradi ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, uliandikwa mahali. (Hauandikwi.)

Mhasibu, Ujiji
Mnabishania umbo, kazi mmeisahau. FFARS (mfumo wa hesabu za fedha za vituo) na PReM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi) zinafunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo karibu kifaa chochote kitakubali. Kinachokwamisha ni Excel: jedwali la matokeo lenye makro (amri za kujiendesha ndani ya faili) halifanyi kazi kwenye Excel ya Android. Hapo Windows ni lazima, na Windows 10 ilikoma kupata huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba ya prosesa: i5-8250U imo, i5-7300U haimo. Surface Pro ya 2017 inaanguka hapo, na HP EliteBook x360 1030 G2 pia. G3 ndiyo inapita. Dukani zinakaa rafu moja na kwa macho si rahisi kuzitofautisha.

RAM iwe GB 8, maana vifaa vyembamba vingi RAM imelehemiwa, huongezi baadaye. Na msikubali eMMC (hifadhi ya bei nafuu iliyolehemiwa) ya GB 64. Hicho ndicho kima cha chini cha Windows 11 yenyewe. Likija sasisho kubwa, nafasi imekwisha.

Mpinzani, Kasulu
Mimi napinga mseto wote. Hakuna aliyetaja GPS. Mseto wa Windows usio na laini ya simu kwa kawaida hauna GPS, na ODK Collect na KoboCollect, programu za kukusanyia takwimu shambani, ni za Android. Afisa ugani atapimaje shamba la mkulima? Kishikwambi cha kawaida cha Android chenye GPS kinafanya kazi hiyo na kinachajiwa kwa chaja ya simu. Halafu kifaa kimoja kikiharibika, kila kitu kimesimama.

Mleta mada
Hapo umenibana. Kwa afisa ugani nakubali: Android yenye GPS na kibodi ya bluetooth. Kwa mwalimu mkuu na mtendaji sijashawishika, wao wanahitaji makro na kusaini fomu kwa kalamu. Ila tusichague kalamu inayokula betri ya AAAA, kama Surface Pen za zamani. AAA haiingii, na ile nyembamba si ya kuikuta kila duka.

Fundi wa Mwanga
Kuhusu chaja, pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh (wati-saa) 74, zinazotoka ni kama 60. Vifaa hivi betri zake nyingi ni Wh 40 hadi 50, kwa hiyo unajaza mara moja na kidogo. Pawabenki iwe ya PD (chaji ya haraka ya USB-C) wati 45 kwenda juu, la sivyo kifaa kitaandika kinachaji polepole au kitagoma kabisa. Surface Pro 6 haina USB-C, hapo utahitaji kebo maalum ya kuiunganisha. Kwenye sola msipitie inveta, inakula umeme bure. Chukua chaja ya gari ya USB-C moja kwa moja kutoka betri ya volti 12.

Mkinunua zilizotumika, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri za Windows), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ikiwa 42,000 na ya pili 29,000, imebaki asilimia 69. Shusha bei au acha. Kioo kikiwa kimeinuka pembeni, betri imevimba, usiiwashe. Mwisho ifutwe yote, iunganishwe na hotspoti ya simu mbele yako. Ikidai barua pepe ya kampuni ya nje, hiyo bado ina mwenyewe.

Mpinzani, Kasulu
Sawa, lakini zabuni inapita NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, na mzabuni anafuata maandishi. Mkiandika "kishikwambi cha Windows" mkaishia hapo, kibodi haitakuja. Kwa Surface inauzwa peke yake. Chaja ya wati ngapi, kibodi, kalamu, kizazi cha prosesa: kila kimoja kiandikwe mstari wake. Na bado sijajibiwa: huyo mtendaji, mseto wake ukiwa Dar kwa fundi wiki tatu, anaandikia wapi?