Binti kabadilika ghafla, ni ubongo unakua au ni sonona (ugonjwa wa huzuni kali)?

MamaWawili: Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo. Binti yangu ana miaka 15, zamani alikuwa muongeaji kweli, saivi anajifungia chumbani, usiku halali mpaka saa nane, asubuhi kumuamsha ni vita na nikimuuliza kitu anajibu mkato au analia. Dada yangu ananiambia nimuache tu eti ubongo wa vijana haukomai mpaka 25, atakua ataacha. Ni kweli?

Tulizo: Dada yako kashika nusu ya habari. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga mambo na kuzuia hasira, ndo inachelewa kukomaa, na tangu mwaka 1999 mtafiti Jay Giedd na wenzake kule Marekani walishaonyesha kwa picha za MRI kwamba ubongo wa kijana bado unajipanga upya. Ila hiyo 25 sio mstari, kila mtu na kasi yake. Halafu usingizi, balehe inasogeza mbele muda ambao melatonini, homoni inayoleta usingizi, inatoka usiku, kwahiyo kuchelewa kulala peke yake sio ukaidi.

nesi_wa_zamu: Naongezea hapo maana hiyo "atakua ataacha" inaniogopesha. Kipindi hichohicho ubongo unajijenga ndo magonjwa mengi ya akili yanaanza, utafiti wa Kessler wa 2005 Marekani ulikuta nusu yanaanza kufikia miaka 14 na robo tatu kufikia 24. Hasira za hapa na pale sawa, lakini huzuni au hasira ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili, kaacha alivyovipenda, kula kumebadilika, shule inashuka, hapo mpeleke akaonwe. Na muulize waziwazi kama anawaza kufa, kuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Akisema ndio usimuache peke yake, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

MamaWawili: Jamani asanteni. Kuchora kaacha tangu mwezi jana na rafiki zake hawaoni tena, nikajua ni uchovu tu. Sasa namuanzaje, nikigonga mlango tu kashanuna?

Tulizo: Pole mama. Usimkalishe kama kesi, ongea naye mkiwa mnatembea au mnafanya kazi pamoja, msiwe mnatazamana usoni. Mwambie tu ulichokiona, "naona siku hizi huchori", halafu nyamaza hata kama kimya kinakuwa kirefu, usijaze na mawaidha. Lakini kwa hayo uliyoyasema hapo juu, tafuta daktari wiki hii hii, hata kama mazungumzo yamegoma.

nesi_wa_zamu: Wiki hii hii, nakazia. Na uende naye wewe mwenyewe.