Naomba ushauri: kung'arisha magari nifanyie nyumbani au nikodi fremu barabarani?

Kitambaa Laini
Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja. Nipo Mwanza, Buswelu. Nimefanya kazi sehemu ya kuoshea magari kwa muda mrefu, na humo nikajifunza hii kazi ya kung'arisha: kutoa mikwaruzo, polishi, kufua viti, injini, taa zilizofifia. Wateja ninao, wengi walikuwa wananifuata mimi na siyo ile ofisi. Sasa nataka nisimame mwenyewe.

Nyumbani kuna banda la magari mawili, limeezekwa, limezibwa pande tatu, maji ya bomba yapo na simtanki lipo. Fremu za huku Kiseke wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hazina hata kivuli.

Maswali yangu: mashine ya polishi ninunue ipi, ile inayozunguka tu au ile inayozunguka huku inacheza? Na mteja mwenye Prado atakubali kuleta gari kwenye nyumba ya mtu? Naombeni msinikejeli, hata usingizi sipati.

Sato wa Moto
Mtu anakosa usingizi kwa sababu ya mashine ya polishi? Ngoja nivute kiti, kuna kitu kinakuja.

Fundi Rangi
Nikujibu la mashine. Inayozunguka tu inakata haraka, ila joto linakaa sehemu moja. Ukizubaa kwenye kona ya boneti au ukingo wa mlango unachoma kliya, yaani lile tabaka la juu linalong'aa, unafika kwenye rangi yenyewe, na hapo polishi hairudishi kitu. Ni kupiga rangi upya kwa hela yako. Rangi ya kiwandani, kuanzia bati mpaka juu, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150 hivi, na kliya ni kama 40 au 50 tu humo. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo hata ukiwa fundi mzuri, kila polishi nzito unakula umri wa rangi ya mtu. Anza na hiyo inayocheza. Ni ya polepole lakini inasamehe.

Kabla hujakimbilia machupa ya seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi kuilinda, nunua kipima unene wa rangi. Haya magari yetu ya Japani mengi yameshapita kwa mafundi wa hapa mjini. Ukipima mlango ukakuta 300 wakati boneti ni 120, mlango huo umeshapigwa rangi, labda na puti ya kuziba mabonde ipo chini. Mwoneshe mteja kabla hujagusa, mpige picha na gari lake, la sivyo kila mkwaruzo utakuwa wako. Seramiki yenyewe haitaki vumbi wakati wa kupaka na haitaki maji siku za mwanzo. Banda lililo wazi upande mmoja, kiangazi, mitaa ya ndani ya Buswelu... haya.

Binti Igoma
Mimi mashine sizijui, ila ukiweza kutoa harufu ya samaki nakuletea gari hata ukifanyia chumbani kwako. Shemeji aliazima IST yangu akapakia sangara pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ndoo ikapinduka. Nimeosha, nimepuliza pafyumu, nimeweka mkaa, nimeweka kahawa. Likipigwa jua la saa sita ni Kirumba tupu humo ndani. Shemeji mwenyewe nilishaachana naye, yaani mdogo wake ndiye niliachana naye, lakini harufu imebaki.

Fundi Rangi
Binti, maji ya samaki yameshuka kwenye sponji iliyo chini ya kapeti. Unaosha juu, ugonjwa uko chini. Viti vitolewe, kapeti linyanyuliwe lote, lifuliwe, maji yavutwe, kisha feni mpaka kukauke kabisa. Ukirudisha kapeti lina unyevu unaongeza ukungu juu ya samaki.

Sato wa Moto
Kwa hiyo uliachana na mtu kwa ajili ya sangara. Mimi nimeachwa kwa dagaa, tupo wengi.

Mtu wa Mirongo
Vijana mnaongelea polishi, hakuna anayeuliza maji yanakwenda wapi. Gari moja likioshwa kwa presha, sabuni, grisi ya injini, vumbi la breki, vyote vinatoka getini. Buswelu ina mwinuko, kila kinachoshuka kinaingia mtaroni, mtaro unaingia kijitoni, na kijito kinaishia ziwani, maji yaleyale tunayovuta na kuyatibu tunywe. Shukuru hupo ufukweni. Huko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini kuwa mlimani siyo ruhusa ya kumwagia walio chini.

Unatakiwa uwe na shimo la kwanza la kutuamisha mchanga na tope, la pili la kunasa mafuta yanayoelea, ndipo maji yaende kwenye shimo la kunyonya. Sasa chimba shimo Mwanza uone. Futi nne umekutana na jabali.

Na leseni? Ofisi za Manispaa ya Ilemela ziko hapohapo Buswelu. Unataka kufungua biashara bila kibali wakati maafisa wanapita mbele ya geti lako wakienda kunywa chai?

Kitambaa Laini
Asanteni sana wakuu, wabeja. Mkuu wa Mirongo, TIN ninayo, leseni nitafuatilia. Kuhusu shimo ni kweli, tumekutana na jabali, fundi ameomba nyongeza ya hela. Maji kwa sasa yanatoka kwa bomba la nyuma. Kuna jirani mmoja mama ana bustani ya mchicha, analalamika, lakini huyo analalamikia kila kitu.

Mhasibu Mpole
"Tumekutana na jabali"? Yaani umeshachimba? Si uliuliza ufanyie nyumbani au ukodi fremu?

Na mimi niongeze la umeme. Kama luku ya hapo ni ya lile kundi la uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 uniti, presha na vakyumu vitakutoa humo mapema sana, na ukivuka bei inaruka zaidi ya mara tatu. Maji vilevile, matumizi ya biashara yana bei yake, siyo ya nyumbani. Usipige hesabu ya faida kwa bili za familia.

Halafu swali dogo tu. Nyumba ni yako au umepanga?

Kitambaa Laini
Sijapanga mkuu.

Mhasibu Mpole
Sijauliza kama umepanga tu. Ni yako?

Kitambaa Laini
Ni ya familia. Hilo halina shida. Naomba turudi kwenye mashine, kuna jamaa anauza ya mtumba ile ya kuzunguka, bei nzuri.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Mwanangu, "ya familia" ni neno refu. Baba yako yuko hai? Mirathi imefunguliwa? Nyumba ya familia yenye wasimamizi watano huwezi kuichimba shimo kwa akili yako peke yako. Jibu hapo kwanza, mashine hazikimbii.

Kitambaa Laini
Shikamoo mama. Wazazi wapo kijijini, hawahusiki. Ukweli nyumba ni ya kaka yangu. Yupo nje, Arabuni, mimi ndiye ninayeitunza. Alisema mwenyewe nikae kama kwangu. Atakuja Desemba.

Sato wa Moto
Niliwaambia nivute kiti.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Marahaba. Na kaka anajua?

Kitambaa Laini
Nataka nimwambie kazi ikishasimama, aone matokeo na siyo maneno. Nyie mnamchukulia vibaya, kaka yangu anapenda maendeleo. Na siyo kwamba nimeharibu. Nimetoa pevingi za upande wa kushoto tu, zimepangwa vizuri ukutani, zitarudi. Harrier yake nimeitoa bandani nimeiweka chini ya mwembe, ina turubai, na kila wiki naiwasha. Tena imeng'aa kuliko alivyoiacha, nilijifunzia mashine kwake. Bango nimeshaagiza, fundi ameshakula nusu ya hela. Kazi nilishaacha. Sasa mnaponiambia nirudi nyuma, nirudi wapi?

Fundi Rangi
Umejifunzia mashine kwenye Harrier ya mtu? Ipi, ya kuzunguka au ya kucheza?

Kitambaa Laini
Ya kuzunguka, niliazima. Ipo sehemu ndogo ya ukingo wa boneti imefifia, ukisimama mbali huoni.

Fundi Rangi
Hiyo haijafifia. Umefika chini. Na umeliweka chini ya mwembe, utomvu na mavi ya ndege vinaila kliya iliyobaki huku turubai likiisugua kila upepo ukivuma. Basi tuache mambo ya mashine kwa leo.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Mwenzio anachomwa na jua la watu huko, anajinyima anatuma hela ajenge, wewe unamfukulia uwanja. Ungempigia simu ya dakika tano, kama anapenda maendeleo angekuongezea na mtaji. Unamwogopa kwa sababu unajua jibu lake.

Mlinzi Asiye na Mshahara
Samahani mama, na upande wa pili tuuseme. Hawa ndugu zetu wa nje wanatuachia nyumba, tunafagia, tunalipa ulinzi kwa macho yetu wenyewe, tunakimbizana na mafundi wao, na mwisho wa mwezi unatumiwa hela ya luku na neno "kaa hapo bure". Bure? Mimi nimekaa kwenye nyumba ya binamu Nyegezi mpaka nimepita umri wa kuoa, kila nikitaka kutoka naambiwa subiri kidogo tunakuja. Mimi ningefuga hata nguruwe sebuleni.

Kitambaa Laini
Asante mkuu, wewe umenielewa.

Mhasibu Mpole
Hajakuelewa, ana hasira zake. Wewe fikiria hili: mteja akikuachia Prado usiku, ikapotea kioo cha pembeni, au kijana wako akaitoa kwenda kununua chipsi akaigonga, nani anadaiwa? Wataangalia nyumba. Nyumba siyo yako. Mwandikie kaka ujumbe mmoja mrefu leo: nafanya hivi, nakulipa kodi hii, bili zote juu yangu, pevingi narudisha. Akikataa una hela ya fremu ile ya Kiseke, maana bango linahamishika.

Popo wa Bugando
Wakuu mnapoteza bando. Hii ni chai. Nimepita kwenye nyuzi zake za nyuma. Huyuhuyu aliomba ushauri wa vizimba vya sato Sengerema, akasema ana mke mjamzito na ekari mbili. Leo ni kijana wa kuosha magari, hana mke, ana kaka Arabuni. Kesho atakuwa nahodha wa meli.

Sato wa Moto
Chai yenyewe ina tangawizi lakini, tusiseme uongo.

Kitambaa Laini
Akaunti hii natumia na binamu, yeye ndiye wa vizimba. Kwanza nani atunge habari ya kupiga jabali na nyundo?

Popo wa Bugando
Binamu. Sawa. Weka picha ya banda, ficha namba za gari, tumalize.

Kitambaa Laini
Siweki picha ya nyumba ya watu mtandaoni.

Binti Igoma
Chai au siyo chai, bei ya kufua kapeti ni ngapi? Maana Fundi Rangi amenieleza ugonjwa halafu amenyamaza.

Fundi Rangi
Mimi nipo Dodoma, dada. Ningeshakuja.

Jasho la Jangwani
Nimesoma uzi huu kuanzia juu nikiwa mapumziko ya kazi, mikono inatetemeka. Nipo Dubai. Nina nyumba Buswelu. Nina mdogo wangu ndani. Nina Harrier. Miezi hii ya karibuni dogo ananiambia luku inaliwa na friji bovu. Kitambaa Laini, naomba unijibu kiungwana, pevingi zenu ni nyekundu au za kijivu?

Sato wa Moto
MUNGU WANGU.

Kitambaa Laini
Mkuu siyo wewe. Kaka yangu yupo Omani.

Popo wa Bugando
Hujajibu rangi ya pevingi.

Bi Mkubwa wa Pasiansi
Wewe wa Dubai, tulia kwanza, usimtukane mtoto wa mama yako kwa uzi wa watu usiowajua. Buswelu ina nyumba nyingi na miembe mingi. Mpigie simu ya picha, mwambie akutembeze uwanjani, basi.

Mlinzi Asiye na Mshahara
Na ukishampigia, muulize pia kama amekula.

Jasho la Jangwani
Nimepiga. Amepokea akiwa sebuleni, giza. Nimemwambia toka nje nione banda, anasema umeme umekatika mtaa mzima na taa ya simu imekufa. Kuna mtu wa Buswelu humu? Umeme upo?

Nyakato Moja
Mimi nipo hapa karibu na manispaa naangalia mpira. Upo mkuu, tangu asubuhi.

Kitambaa Laini
Binti Igoma, kapeti na viti vyote elfu themanini, gari unaliacha siku mbili likauke. Njoo inboksi nikuelekeze. Lakini njoo wiki ijayo, wiki hii kuna kazi ya kurudisha vitu fulani mahali pake.