Ligi ya Mabingwa Oceania: tuchukue msimu wa Hekari (2009/10) au wa Hienghène (2019)?

KonaYaPili
Wadau salama? Nina nusu saa redioni wiki ijayo, redio ya jamii tu huku Mwanza, kipindi chetu cha soka la mbali lile ambalo kwenye vibanda umiza halionyeshwi, na zamu hii nimepewa Oceania, yaani New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Nusu saa inatosha msimu mmoja, sio historia nzima. Nimechuja nimebaki na miwili nimekwama. 2009/10, Hekari United ya Papua New Guinea inabeba kombe mbele ya Waitakere United ya New Zealand. Au 2019, Hienghène Sport ya New Caledonia inaipiga Magenta, ya huko huko, 1-0 fainali. Moyo wangu uko kwa Hekari ila sitaki kwenda hewani na ushabiki mtupu, nipeni hoja.

Mama_Offside
2019 bila kufikiria mara mbili. Angalia ilikotoka hii ligi: Auckland City walibeba 2011 mpaka 2017 mfululizo, miaka saba! 2018 wakaja Team Wellington, nao wa New Zealand hao hao, wakaishindilia Lautoka ya Fiji jumla ya 10-3. Halafu mwaka unaofuata Hienghène wanamtoa Team Wellington 2-0 nusu fainali, Magenta wanamtoa Auckland City, na tangu mashindano yaanze kuitwa Ligi ya Mabingwa 2007 hiyo ndo fainali ya kwanza haina timu ya New Zealand ndani. Mei 11, Nouméa, uwanja wa Numa-Daly, Antoine Roine anafunga kipindi cha pili, basi. Na Hienghène wala sio mji, ni wilaya ya vijijini kaskazini mashariki ya kisiwa, wakazi hawafiki 3,000. Kijiji kimechukua ubingwa wa bara, mkuu, unataka nini tena?

FundiNyavu
Mama Offside nakuheshimu ila umeruka kitu, mfumo. 2009/10 makundi yalikuwa mawili tu ya timu nne nne, nyumbani na ugenini, na kinara wa kundi anaenda fainali moja kwa moja, hakuna cha robo wala nusu. Yaani ukiteleza kule visiwani unaweza kuwa umeisha. Hekari kundi lao walikuwa na Lautoka ya Fiji, Tafea ya Vanuatu na Marist ya Solomon, piga hesabu ya ndege hapo, bahari tupu. Kundi la pili Auckland City bingwa mtetezi na Waitakere wamekaa humo humo wanakulana. Fainali nayo mikondo miwili: Port Moresby Hekari 3 Waitakere 0, joto na jasho, wale jamaa wa New Zealand hawakupumua. Marudiano kwao Waitakere wakashinda 2-1, haikutosha, jumla 4-2. 2019 mtoano ulikuwa mechi moja moja na fainali ikawa ndugu kwa ndugu wa New Caledonia. Kumpiga mkubwa kwa mikondo miwili ni kazi nyingine kabisa.

Mama_Offside
Sawa mikondo miwili nakupa. Ila Hekari nao walikuwa na hela kuliko jirani zao, waliokota wachezaji visiwa vya watu, Vakatalesau na Bolatoga wa Fiji, Maemae wa Solomon. Hienghène ni kina Roine na Bertrand Kaï na kipa Nyikeine, vijana wa New Caledonia wenyewe, kocha tu ndo Mtahiti, Félix Tagawa. Na Kombe la Dunia la Klabu waliwasumbua Al Sadd ya Xavi kwao Qatar, 1-1 mpaka dakika 90, Roine huyo huyo ndo karudisha, wakaja kufa 3-1 dakika za nyongeza. Hekari walipigwa 3-0 na Al Wahda Abu Dhabi wakarudi nyumbani.

ChakiNaFilimbi
Mi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi kwa hiyo nitawaletea wa tatu, 2025. Auckland City wanachukua kombe Honiara, wanaenda Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu wanakula 10 za Bayern, 6 za Benfica, watu wanauliza hawa waliitwa kufanya nini, halafu siku ya mwisho Boca Juniors 1-1 na aliyefunga kwa kichwa, kona, ni Christian Gray, kijana aliyekuwa anasomea ualimu. Mwalimu! Niliwasimulia watoto wangu darasa la sita kesho yake na kila aliyepiga kichwa wiki ile alikuwa anapiga kelele Gray. Na KonaYaPili usisahau, fainali ile ya Honiara waliofungwa 2-0 ni Hekari. Miaka 15 baadaye bado wapo.

MzigoLubum
Nimewasoma kimya, sasa acheni niseme. Mi ni dereva wa lori, Dar Lubumbashi. Desemba 2009 nilikuwa nimelala Lubumbashi nasubiri kupakia, tukaenda baa moja kuangalia Mazembe na Auckland City, mechi ya kugombea nafasi ya tano ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi. Baa imejaa mpaka mlangoni, watu wamekalia kreti, hakuna aliyejua hao Auckland ni nani. Mazembe yuko mbele 2-1, shangwe, Auckland wanarudisha, na dakika za majeruhi wanapiga la tatu. Aisee. Mhudumu alikuwa kashika trei ya chupa akasimama nayo vile vile, hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua yake. Mzee mmoja pembeni yangu akauliza tu, "Hao ni ba wapi?" Sasa sikilizeni, Auckland hao hao waliotufanya hivyo ndo waliokuwa bingwa mtetezi msimu wa Hekari, na hata kundini hawakutoka. Na mwaka uliofuata Hekari na Mazembe walikuwa Abu Dhabi pamoja, Hekari akatoka mapema, Mazembe akampiga Pachuca ya Mexico, akampiga Internacional ya Brazil 2-0, kipa Kidiaba anaruka kwa makalio, mpaka fainali na Inter ya Italia. Kwa msikilizaji wa Mwanza hapo ndo pana mlango wa kuingilia.

FundiNyavu
Umemaliza kazi dereva.

Mama_Offside
Mi sijabadilisha, Hienghène ni Hienghène. Ila kwa redio ya huku kwetu nakubali, Mazembe inamvuta mtu asizime.

KonaYaPili
Basi ni 2009/10, naanzia na ile 3-2 ya Mazembe. Mama Offside, kipindi cha Hienghène nakuandikia jina lako mwezi ujao, uje na hoja zako zote hizo. MzigoLubum, kaka yangu, unaweza kunirekodia sauti dakika mbili ukisimulia ile baa kama ulivyoandika hapa, hasa yule mhudumu na yule mzee?

MzigoLubum
Niko Tunduma kwenye foleni, magari yamesimama tangu jana. Usiku kukitulia narekodi nakutumia.