Msaada: shimo la maji taka limegonga mwamba, nipo Igombe karibu na ziwa

MvuviMstaafu
Mwangaluka wakuu. Nyumba yangu ipo Igombe, Mwanza, tupo watu sita. Fundi alichimba shimo la kunyonya maji, akafika mita moja na nusu akakuta mwamba, akaniambia panatosha. Kiangazi halikusumbua. Masika haya maji yanarudi mpaka kwenye chemba, mengine yanachuruzika kwa jirani, na jirani mwenyewe ameacha kunisalimia. Gari la kunyonya nimeliita mara mbili, wiki mbili tu shimo limejaa tena. Sasa fundi yule yule anasema tulaze bomba liende ziwani, "watu wote wanafanya hivyo". Nifanyeje, na mfuko wenyewe ndio huu?

Jiwe_la_Bismarck
Bomba ziwani hapana, mkuu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza hata shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, sembuse kumwaga kinyesi. Halafu hayo hayo maji ndiyo watoto wanaoga na kina mama wanachota. Na sabuni na kinyesi ndiyo mbolea ya gugumaji, baadaye tunalalamika mitumbwi haipiti.

KokotoNaMatete
Tatizo lako si ukubwa wa shimo. Mwamba haunywi maji, na masika maji ya ardhini yanapanda. Ukichimba jingine hapo umechimba kisima cha maji machafu.

Kwanza tenganisha. Maji ya kuoga, kufua na jikoni ndiyo mengi, nayo yana nafuu. Ya choo yaache peke yake kwenye karo la zege lisilovuja, vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili, ili tope litulie.

Maji ya sabuni yapeleke kwenye kitanda cha matete, yaani shimo fupi lililojazwa kokoto na kupandwa matete ili lisafishe maji. Kwa watu sita, mita 2 kwa 5 panatosha, kina sentimita 60, kwa hiyo mwamba wako haukusumbui. Tandika nailoni nzito au piga sakafu ya zege, inamie kidogo tu kuelekea kwenye kutokea. Mawe makubwa weka mwanzoni na mwishoni, katikati kokoto ndogo zilizooshwa (usipoziosha, vumbi litaziba kabla hujala faida). Bomba la kutokea liweke juu kiasi kwamba maji yabaki sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Hapo ndipo siri ilipo: maji hayaonekani, mbu hawana pa kutagia, harufu haipandi. Matete chimbua bondeni, bure. Kazi kubwa inafanywa na vijidudu vilivyoganda kwenye kokoto na mizizi.

Kabla ya kitanda jenga kichemba cha kunasa mafuta ya jikoni, ukizoe kila wiki. Wengi wanakiruka hicho, ndiyo maana vitanda vyao vinaziba.

DadaWaMagu
Badala ya matete si angeweka gugumaji? Limejaa pale.

KokotoNaMatete
Gugumaji linataka maji ya wazi, dada. Atafuga mbu.

MamaMigomba
Mimi maji yakitoka kitandani yanaingia kwenye migomba. Nyanya na mboga za kachumbari usimwagilizie, vimelea havijaisha vyote. Kisima kama kipo kiwe mbali, mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa juu.

MvuviMstaafu
Asanteni sana. Kokoto hapa si shida, kina mama wanagonga mawe barabarani, nitanunua kwao. Naanza na ya sabuni, karo la choo nitalijenga mvua zikikata. Ila swali moja: mbuzi wa jirani hawatayala matete?

KokotoNaMatete
Watayala yakiwa machanga. Zungushia miiba miezi mitatu ya kwanza. Na huyo jirani mpelekee mkungu wa kwanza wa ndizi.